Boti yako ya kaboni inapoteza mawasiliano ikiwa majini? Angalia haya kabla ununue redio nyingine

Kila wikendi ziwa likitulia hapa Kisumu utapata mtu amesimama ufukweni Dunga na rimoti mkononi, boti yake ndogo ya rimoti imelala huko mbele karibu na magugu, haisikii kushoto wala kulia. Na swali linakuanga lile lile, eti ninunue redio gani iko na nguvu zaidi. Jibu langu ni usinunue kitu bado. Redio ya kawaida ya 2.4GHz, yaani rimoti pamoja na risiva (kile kifaa ndani ya boti kinachosikia rimoti), hata ile ya bei ya chini, ikifungwa vizuri inafika mbali kuliko macho yako yanaweza kuona boti ndogo imeangalia upande gani. Shida iko ndani ya boti, na kama boti ni ya kaboni basi mara nyingi shida ni hiyo bodi yenyewe, yaani ganda la boti.

Kaboni faiba inapitisha umeme. Haipitishi kama shaba lakini inatosha kabisa kuzuia mawimbi ya redio. Wale mmekaa nyumba ya mabati mnajua, simu ndani inasumbua, ukitoka mlangoni netiwaki imejaa. Sasa risiva iliyofungiwa ndani ya boti ya kaboni iko kwa nyumba ya mabati isiyo na dirisha, na chini yake kuna maji ambayo nayo yanameza 2.4GHz vibaya sana. Faibaglasi na Kevlar hazina hiyo tabia, mawimbi yanapita tu, ndio maana rafiki yako wa boti ya faibaglasi alitupa risiva yake pale chini karibu na betri na inamfanyia kazi, wewe ukafunga vile vile kwa kaboni ukapotea.

Nimepanga kulingana na venye boti inafanya, juu hivyo ndivyo watu wanaeleza. Soma ile inafanana na yako.

Kwanza kabisa, failsefu

Hii sio dalili lakini naiweka juu kwa sababu bila hii usipeleke boti majini. Failsefu ni kile risiva inafanya ikikosa kusikia rimoti. Weka mota izime, na usukani ubaki katikati au ukunje kidogo. Kuna risiva ambazo zikitoka dukani zinashikilia amri ya mwisho, yaani kama ulikuwa umebonyeza trotili (kidhibiti cha mwendo) yote boti inaendelea na spidi hiyo hiyo hadi igonge kitu, na ufukweni kwetu hicho kitu kinaweza kuwa mtoto anaoga au mama anaosha vyombo. Kuijaribu ni rahisi: weka boti kwa stendi, propela isiguse chochote na vidole viwe mbali, washa, peana trotili kidogo, halafu zima rimoti. Mota lazima isimame yenyewe. Isiposimama, hapo ndipo kazi yako ya leo inaanzia, mengine yatangoja.

Inasikia vizuri karibu, ikifika mita 30 au 40 inapotea

Haya ndiyo malalamiko nasikia kuliko yote, na kwa boti ya kaboni sababu ya kwanza ni antena kuwa ndani ya bodi. Usibishane nayo, ijaribu. Fungua kifuniko, toa waya wa antena nje, ubandike na selotepu kwa kijiti cha mshikaki ili usimame wima juu ya deki, halafu peleka boti polepole maji yakiwa yametulia, ukikumbuka kifuniko kiko wazi. Ikienda mbali kuliko jana bila kukatika, umepata ugonjwa na hujatumia hata shilingi.

Usiamini jaribio la mezani, wala la boti ikiwa juu ya nyasi. Redio nyingi ziko na hali ya kujaribu umbali ambayo inapunguza nguvu ya rimoti kwa makusudi, na kwa nyingi boti inafaa isikie ukiwa hatua kama 30. Fanya hilo jaribio boti ikiwa ndani ya maji, kifuniko kimefungwa, mtu ameishika kutoka nyuma mbali na propela, na mota inazunguka. Kwa kaboni ukijaribu kifuniko kikiwa wazi unajidanganya, juu kile kifuniko nacho ni kaboni, na kukiweka ni kufunga dirisha la mwisho.

Sasa kurekebisha. Antena ya risiva ya 2.4GHz haifanyi kazi urefu wake wote. Ile sehemu inasikia ni ncha tu, milimita 31 hivi, pale ambapo waya umevuliwa ganda ukabaki mwembamba. Hizo milimita 31 zote lazima ziwe nje, juu ya deki ya kaboni. Sio nusu ndani nusu nje, na sio zimelazwa juu ya deki zikiwa zimegusana nayo. Zile sentimita zingine za waya mnene ni za kubeba tu, zinaweza kupita ndani bila shida.

Toboa shimo la milimita 4 au 5 mahali pa juu kwa deki, mbali na mota na ESC (kile kifaa kinachodhibiti spidi ya mota). Weka selotepu pande zote mbili ndio kaboni isichanike, tumia ncha kali, dril iende polepole. Shimo likitoka paka gundi nyembamba ukingoni maji yasiingie kati ya tabaka. Ingiza mrija wa plastiki, mimi natumia ule wa nje wa biro ya kawaida au mrija mgumu wa kinywaji, usimame kama sentimita 8 juu ya deki, antena ipande ndani yake, juu uzibe na tone la silikoni na chini pia. Kuziba ni muhimu, maana mrija ukijaa maji umerudi pale pale, antena imezungukwa na maji.

Na nisikilize vizuri hapa: vumbi la kaboni usilivute. Vaa barakoa, lowesha unapokata au kupiga msasa, usifanyie ndani ya nyumba ambayo watoto wanalala, na usipulize na mdomo. Zile nyuzi ndogo zinachoma ngozi na hazifai mapafu. Vumbi lenyewe linapitisha umeme pia, likianguka juu ya risiva au ESC iliyo wazi linaweza kuleta shoti, kwa hivyo toa vifaa vyote kwa boti kabla ya kutoboa.

Kama hutaki kutoboa boti nzuri, kuna njia nyingine mbili. Tengeneza kifuniko kipya cha faibaglasi badala ya kile cha kaboni na uweke antena chini yake, juu kabisa karibu na kifuniko. Au kama redio yako inakubali, ongeza risiva ndogo ya pili iliyounganishwa na ile kubwa, ikae mahali pasipo na kaboni. Ya kifuniko ndiyo napenda kwa boti za mbio, haina kitu kinachosimama juu kikivunjika ikipinduka.

Antena iko nje na bado inapotea? Angalia waya. Ule waya mnene una waya ndani, plastiki, halafu wavu wa nyuzi nyembamba, halafu ganda. Ukingo wa kaboni iliyokatwa ni kisu, boti ikitetemeka unaula ganda pole pole hadi wavu uguse bodi au ukatike. Pitisha vidole urefu wote, ukihisi pamekunjika au pamechubuka hapo pana shida. Kile kiunganishi kidogo cha kubonyeza kwenye risiva nacho hulegea, kibonyeze hadi kilie. Waya umekatika? Usiunge kwa kusokota na selotepu, kwa 2.4GHz hiyo haishiki, badilisha antena nzima, ni kitu cha bei ndogo.

Baada ya hapo ndio uangalie mkono wako. Watu wengi wanaelekeza ncha ya antena ya rimoti kwa boti kama wanapiga bunduki, na ncha ndio upande dhaifu kuliko yote. Mawimbi yanatoka kwa ubavu. Isimamishe wima, na simama mahali pa juu. Boti iko chini sana juu ya maji, mawimbi ya redio yanayodunda juu ya maji yanakutana na yale yanayokuja moja kwa moja na yanamalizana, kwa hivyo kila sentimita ya kimo inasaidia pande zote mbili. Nimeona mtu akisimama juu ya jiwe tu pale Hippo Point na boti ikarudi kusikia.

Inakatika ikigeuka, au ikiwa inarudi kwako iko sawa lakini ikienda inapotea

Hapa boti inajizibia yenyewe. Kitu cha kaboni au chuma kimekaa kati ya antena na wewe boti ikiangalia upande fulani: betri kubwa, mota, na kwa boti za tanga ni mlingoti wa kaboni na zile kamba za chuma. Kwa boti ya tanga peleka antena mbali na mlingoti, sentimita 10 ni mwanzo mzuri, na usiwahi kuipandisha ikiwa imefungwa kwa mlingoti wenyewe eti ipate urefu. Hiyo nimeikuta mara nyingi na inaudhi kwa sababu mwenyewe anakuwa amefanya kazi safi sana, ya kupendeza, mahali pabaya.

Risiva ikiwa na antena mbili, vitabu vingi vinasema ziachane nyuzi 90, na kwa ndege ni kweli kabisa. Kwa boti mimi nazisimamisha zote mbili, moja mbele moja nyuma, juu boti hailali ubavu kama ndege, na hivyo moja ikizibwa nyingine inaona. Ambacho hakifai ni kuziweka mbili ndani ya mrija mmoja, hapo ni kama uko na moja.

Ukipeana trotili yote inazima, baada ya sekunde kidogo inarudi

Tulia, hii karibu kila mara sio redio. Ni stima. Mota ikivuta kwa nguvu betri inashuka, na ile saketi ndani ya ESC inayotoa volti 5 kwa risiva na servo (kale kamota kanakosogeza usukani) inashindwa, risiva inazima na kuwaka tena kama simu imerestati. Ukiongeza servo kubwa ya usukani inayopigana na maji ndio mbaya zaidi.

Cheki nyepesi kwanza: betri imejaa kweli? Plagi zimekaza, hazina moto ukizishika baada ya mbio? Hazijageuka kijani? Halafu toa boti majini, sogeza usukani kushoto kulia haraka haraka huku umeweka multimita kwa nafasi tupu ya risiva. Volti ikiruka kutoka 5 kwenda 4 na chini, umeipata. Angalia pia usukani haugandi mahali, servo iliyobanwa inakula stima hata ikiwa imesimama.

Marekebisho: kapasita kubwa ya 4700µF kwenye nafasi tupu ya risiva inasaidia zile shuka za ghafla, uangalie chanya na hasi usizigeuze. Bora zaidi ni kifaa cha kando cha kutoa volti 5 au 6 kinacholisha risiva peke yake, na ukikiweka toa ile pini ya waya nyekundu kwenye plagi ya ESC inayoingia risiva, vyanzo viwili visipigane. Boti ya mota mbili yenye ESC mbili, kama haina hicho kifaa cha kando, acha nyekundu moja tu.

Na kuna hii ambayo inawapotosha watu sana. Mota imezima LAKINI usukani bado unasikia. Basi redio iko sawa kabisa, usiiguse. Hiyo ni ESC imejikata kwa sababu betri imeshuka au imepata joto. Kwetu hapa joto mara nyingi ni magugu au uchafu umeziba tundu la maji ya kupoza. Boti ikiwa inatembea lazima uone maji yakitoka ubavuni, usipoyaona irudishe polepole.

Servo inatetemeka yenyewe

Kama inatetemeka mota ikizunguka tu, angalia aina ya mota. Zile za brashi zinatoa kelele nyingi ya umeme. Dawa ni kapasita tatu ndogo za seramiki za 0.1µF, zimeandikwa 104: moja kati ya vituo viwili vya mota, na moja moja kutoka kila kituo hadi kwa kopo la mota. Mafundi wa redio pale soko la Kibuye wanazo kwa bodi kuukuu za saketi. Mota zisizo na brashi hazihitaji hizo, huko sogeza risiva mbali na ESC na usipitishe waya wa servo sambamba na zile waya nene tatu.

Kama inatetemeka hata mota ikiwa imezima, fikiria maji kwa plagi au ndani ya servo. Halafu kuna sababu ya kaboni yenyewe: waya uliochubuka ukigusa bodi, boti nzima inakuwa waya. Weka multimita, upande mmoja kwa ukingo wa kaboni uliokatwa, maana pale kwa uso gundi inaficha, upande mwingine kwa waya hasi wa plagi ya betri iliyo ndani ya boti, halafu kwa chanya. Betri iwe imechomolewa. Haifai kuwe na muunganiko. Ukiupata tafuta hiyo waya kabla uchomeke betri tena, hapo tunaongea moto sasa.

Asubuhi ilikuwa poa, mchana inasumbua pale pale

Mchana upepo unatoka ziwani na mawimbi yanapanda. Boti ikishuka kati ya mawimbi mawili antena fupi inafichwa na maji, na maji ndiyo hayo yanameza. Ongeza kimo cha antena au funga siku hiyo mapema. Ya pili ni maji yaliyoingia ndani, boti inakaa chini zaidi na risiva inalowa. Ya mwisho, na sio kawaida kama watu wanafikiri, ni WiFi za mahoteli ya ufukweni na simu yako ikiwa na hotspoti mfukoni karibu na rimoti. Zima hotspoti, sogea mita 50 kutoka kwa hoteli, ujaribu tena.

Wenye redio za zamani au boti za kitoto za 27MHz, yenu ni tofauti: ule waya mrefu wa antena msiukate wala kuuzungusha kama kamba ndio uenee, na watu wawili wenye chaneli moja hawawezi kuendesha pamoja. Bado kwa kaboni lazima utoke nje.

Wiki jana ilifanya, leo haisikii kabisa

Taa ya risiva inawaka imara, inapepesa, au hakuna? Hakuna taa ni stima. Inapepesa inamaanisha haijaitambua rimoti, rudia kuziunganisha na uhakikishe umechagua modeli sahihi kwa rimoti, hii ya modeli inasumbua wengi wenye boti mbili. Ikikataa, fungua risiva uangalie kama kuna kutu ya kijani. Ikiwa ndogo, suuza na spiriti ya kusafisha ya asilimia ya juu na mswaki laini, uache ikauke siku nzima. Ikiwa imekula njia za shaba, tupa. Risiva ni nafuu kuliko boti.

Wapi uache, uite mtu

Betri ya LiPo (ile ya lithiamu) ikivimba, ikinuka tamu, au ikilowa ndani, usiichaji tena hata kidogo, itoe nje ya nyumba mbali na vitu vinavyoshika moto. ESC ikinuka kuungua usijaribu mara ya pili. Boti ya petroli ikiwa inakata mawasiliano, usiiendeshe hadi mtu anayejua aangalie swichi ya kuzima injini. Na buusta za kuongeza nguvu ya rimoti achana nazo, vifaa vya redio nchini vinahitaji idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano na hiyo ya kufungwa nyumbani haina, tena haiwezi kupenya bodi ambayo antena imezikwa ndani.

Kubwa kuliko zote: boti ikizima ndani ya ziwa, usiogelee kuifuata. Kuna kiboko, kuna mamba, kuna kichocho, na magugu yanashika miguu. Ongea na wavuvi kabla hata hujaanza, mwelewane bei, ndio ikikwama kuna mtumbwi wa kuenda kuichukua. Wa Njoro na sehemu za Nakuru wanaotumia mabwawa ya mashamba nao wasijiamini eti ni dogo, matope ya chini hushika mtu. Beba kamba ndefu yenye mpira wa tenisi mwishoni, unaurusha mbele ya boti unaivuta pole pole. Mimi yangu inakaa ndani ya begi la rimoti, haitoki.